Aliyeukanyaga Utepe

4 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko, na habari za joto la matanuri? Sisi hatujambo, ukiacha goti la Mama linalotabiri mvua na kukosea, na shemeji yako aliyestaafu stoo ya reli na sasa amehamishia usimamizi wake nyumbani. Jana alinifundisha namna ya kupanga sufuria. Miaka yote hii nimezipanga bila elimu, maskini mimi, na hakuna hata moja iliyolalamika. Mwanangu wa mwisho amemaliza ufundi umeme na anatafuta kazi.

Mama anakusalimu sana na anauliza kikohozi. Nimemwambia umepona. Amesema, "Kikohozi kilichomnyang'anya mtoto medali hakiponi kirahisi hivyo. Mwambie avae sweta." Nakufikishia kama alivyosema. Wewe ndiye uliyempa hadithi ya dawa ya kikohozi, na mimi ndiye ninayeiuguza humu ndani kama mgonjwa. Macho yake hayasomi tena. Barua zako namsomea mimi, na panapostahili kurukwa naruka.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Simu zako unazima, lakini barua haina kitufe. Unajua nimepata kazi ya kushona kwenye huu Ukumbi wa Mashujaa wa Michezo wanaoujenga nyuma ya uwanja. Kazi yangu ni kuyavika masanamu jezi za hao mashujaa. Masanamu yenyewe wameyanunua kwa jumla kutoka duka la suti lililofungwa, kwa hiyo yote yana mwili mmoja: mabega ya bwana harusi na tumbo la karani. Mnyanyua vyuma, mwogeleaji, yule dada wa netiboli, wote mwili huo huo. Ninachofanya ni kuzibana nguo kwa pini mgongoni ili mbele zikae vizuri. Mbele shujaa, nyuma pini, na ukuta unasitiri yaliyobaki.

Chumba changu kimetenganishwa na cha kamati kwa ubao mwembamba, nasikia kila kitu mpaka wanavyofyonza chai. Mwenyekiti ni yule yule aliyekuwa katibu wa chama cha riadha enzi zako. Mbio pekee alizowahi kushinda ni za kuelekea meza ya chakula. Yupo Profesa, ambaye kazi yake ni maadili. Na yupo Bwana Godoro, tunamwita hivyo kwa sababu kampuni yake ya magodoro ndiyo iliyoezeka paa, na mwenye paa ndiye anayeongea mwisho.

Juzi wamejadili siku nzima kama mwanamichezo aliyevuliwa ushindi kwa udanganyifu anaweza kuwekwa humo. Limetajwa jina lako. Profesa akaomba jina hilo lisitajwe kabla ya chai. Sindano ilinichoma kidole na sikuisikia mpaka nilipoona damu kwenye kola ya mwamuzi. Hawajaamua bado. Nikisikia zaidi nitakuandikia.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, mwambie sweta ninayo, ila kazini kwangu sweta ni adhabu. Kutwa niko mdomoni mwa tanuri. Natoa trei, nagonga mkate chini kwa kidole nisikie kama umeiva, naungua mikono, napumzika, naanza tena. Wenzangu wananiita Mzee Trei. Hawajui nilikuwa nani. Wiki iliyopita mpakiaji mmoja alikuwa anasimulia habari za yule mwizi Radi aliyejidunga dawa akashinda mbio za mji mkuu, namna alivyopita darajani kama anafukuzwa na nyuki. Nilicheka pamoja nao. Nilicheka mpaka msimamizi akaniambia nirudi kazini.

Kuhusu huo Ukumbi wenu, mimi sina haja nao hata chembe. Humo yumo nani? Bondia aliyemvunja mkewe mbavu ana sanamu la shaba nje, tena ameinua ngumi. Mkewe akipita pale ajisikieje? Yule kiongozi wa soka aliyekula uwanja mzima, kuanzia nyasi mpaka milingoti ya magoli, yumo na amewekewa maua. Kipa aliyeuza fainali yumo, eti kwa sababu aliiuza kwa timu ya nyumbani. Hao wote walidhulumu watu. Mimi nilichezea damu yangu mwenyewe, basi. Halafu Profesa anaogopa jina langu litamharibia chai! Nyani haoni kundule, Dada. Wakae na pini zao, mimi nina mikate ya kutoa.

Nauliza tu kwa udadisi. Ni ghorofa ya ngapi? Kuna dirisha? Na kama wataweka picha, wataweka ipi, ile ya darajani au ile ya mwisho? Ya darajani nimefumba jicho moja, nitaonekana namkonyeza mtu. Na kama ni jezi, isibanwe kwa pini, maana mimi nilikuwa mwembamba kweli, unakumbuka. Si kwamba najali. Msalimie shemeji, na mwanao mpe hongera.

Mimi mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameisikia barua yako yote, isipokuwa kipande cha mpakiaji. Hapo nilikohoa mimi. Mwanangu amepata kazi, anafunga nyaya za taa kwenye huo huo Ukumbi, kwa hiyo sasa nyumba nzima tunakula kwa mashujaa. Shemeji yako anauliza huko trei mnazipanga kwa utaratibu gani, maana ana maoni.

Kwa mtu asiyejali, una maswali mengi. Ni ghorofa ya chini, juu ni ofisi ya Mwenyekiti. Madirisha yapo. Ila usianze kunyoa ndevu. Profesa amependekeza mahali patakapoitwa Kona ya Mafunzo, chini ya ngazi, mkabala na vyoo, ambapo waliovuliwa ushindi watasimama wakiwa wamegeukia ukuta. Hebu fikiria, na pini zangu ziko mgongoni! Mwenyekiti anataka mgeuke mbele lakini msiwe na vichwa. Bwana Godoro anataka wewe hasa usimame karibu na mlango, na taa, na video ya pale darajani, kwa sababu, alisema, hakuna anayepanga foleni kwenda kumwona mtu mwema. Profesa akaomba sukari. Wataendelea mwezi ujao.

Umenitajia wezi. Nawajua, nawavalisha kila siku. Yule bondia, lile sanamu lake la ndani, nimemkaza mkanda mpaka plastiki ikalia. Lakini, mdogo wangu, wizi wa jirani haujawahi kuwa ruhusa ya kuiba. Bondia anastahili kutolewa, na wewe hustahili kuingizwa, na hayo ni mambo mawili. Ukumbi ukijaa wezi, dawa yake si kuongeza mwizi mwenye adabu. Na hilo neno la kuchezea damu yako mwenyewe, tafadhali usiniletee mimi. Zile zilikuwa mbio, na mbio hakimbii mtu peke yake. Nilisimama pale darajani nikakushangilia mpaka sauti ikanikauka wiki nzima, nikapata kazi ya kuongea kwa mikono kama bubu, kumbe nilikuwa naishangilia sindano. Wewe ulifungiwa, kifungo kikaisha. Hasira yangu haikupangiwa mwisho.

Mwenyekiti alipita chumbani kwangu, akaniuliza mambo. Nikamjibu. Tuyaache hayo. Mvua zimeanza huku, na paa la magodoro linavuja.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo.

Tarehe umeiona. Barua zako za Aprili na Mei nilizipata, nikazisoma, nikazikalia. Niliungua mkono vibaya, sasa umepona. Msalimie Mama.

Mwenyekiti wenu ameniandikia. Barua ndefu, ina mhuri kila ukurasa utadhani ni cheti cha ng'ombe, na katikati akatupia: "Hata dada yako wa damu, alipoulizwa, alisema hustahili, pamoja na maneno mengine ambayo adabu hainiruhusu kuyarudia." Adabu! Basi ndipo nikaelewa ile "tuyaache hayo" yako. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe hasa ndiye mshona nguo. Dunia nzima ilinitemea mate, nikajifuta. Wewe kuniambia mimi, sawa, ulimi wako naujua tangu natambaa. Lakini kumwambia yule? Yule aliyetubeba kwenye basi la chama akijua kila sindano ilipo, halafu siku ya kunivua medali akavaa miwani myeusi kama yuko msibani? Nimekaa na jambo hili miezi, na kila nikigonga mkate naona uso wako.

Sasa na mimi nakwambia jambo nililolikwepa kwenye barua zote. Nautaka huo Ukumbi. Nautaka mpaka naumwa. Huku naitwa Mzee Trei na nitazikwa Mzee Trei. Nataka pawepo mahali pamoja tu duniani palipoandikwa kwamba niliwahi kukimbia. Hata kama ni mlangoni pa choo. Hata kama natazama ukuta.

Na wananichukua. Bwana Godoro ameshinda, nitasimama karibu na mlango. Masharti ni mawili. Niandike kwa mkono wangu kwamba nilitumia dawa nikijua, waiweke ndani ya kioo. Na niwape utepe. Medali waliichukua, lakini ule utepe wa mwisho nilioukata kwa kifua hakuna aliyeukumbuka, niliuokota baadaye, ninao sandukuni. Nitatoa vyote viwili. Kwa hiyo Mama atasikia tu, na ni heri asikie kwetu kuliko kwa watu. Msomee barua hii yote. Usiruke na usikohoe: Mama, hakukuwa na kikohozi. Nilijidunga nikijua ninachofanya, nikakudanganya, na nimeendelea kukudanganya mpaka leo.

Na wewe, Dada, usiniandikie maneno ya kujikosha.

Mdogo wako


21 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole ya mkono. Huku wazima. Shemeji yako amepata kazi ya kusimamia maegesho ya hospitali, anawapanga wagonjwa kwa ukubwa wa magari, na nyumba imepumua.

Sijikoshi. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba hustahili, na nikamwambia kwamba yeye hastahili hata kuushika ufagio wa humo ndani, kwa sababu wewe ulijidunga na yeye alishika taa. Hayo ndiyo maneno ambayo adabu yake imeyameza. Nusu yangu ya pili amekunyima. Huyo ndiye Mwenyekiti, mpe chakula cha watu wawili ale peke yake. Lakini nusu ya kwanza niliisema kweli na siirudishi.

Nilimsomea Mama. Sikuruka kitu. Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akatoa jiwe, akalitupa dirishani, akaniuliza, "Kwa hiyo aliyeshinda ni nani?"

Humu ndani tumegombana kwa ajili yako, tumelia, tumenuniana na majirani. Uliiba, hukuiba, ulionewa, ulijitakia. Siku zote habari ni wewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza ni nani aliyeshinda zile mbio. Mama akasema, "Mtu kaibiwa kuku, ninyi kutwa mnamjadili mwizi. Mwenye kuku mnamjua hata sura?" Niliona aibu, mimi na mdomo wangu huu wote, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Basi nimemtafuta. Yule aliyefika wa pili, ambaye magazeti yalimwita Kobe kwa sababu alianza nyuma siku zote. Mdogo wangu, Kobe anafundisha udereva! Nimemkuta kwenye kiwanja cha mazoezi, amekaa kiti cha abiria, mwanafunzi wake mama mmoja mnene ameukumbatia usukani kama mtoto mchanga, naye anamwambia, "Taratibu mama, hakuna anayetufukuza." Nikajitambulisha. Akashuka, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Dada yake Radi," akasema. "Kweli, pua ni ile ile. Haya, sema."

Nikamuuliza kama medali aliipata. Aliipata. Aliitwa ofisini kwa huyo huyo Mwenyekiti, wakati ule bado katibu, akasubiri kwenye korido na watu wa kuleta maji, akapewa ndani ya bahasha ya kaki, na akaambiwa afunge mlango akitoka. Aliipeleka nyumbani, mtoto wake akamuuliza ni ya nini.

"Medali ni chuma tu, nilipewa," akasema. "Mimi nilichokosa ni utepe. Sijawahi kukata utepe maisha yangu yote. Siku ile ningeukata. Nilifika nikaukuta chini, nikaukanyaga, ukanizonga kiatuni, nikaanguka mbele ya uwanja mzima. Watu walicheka sana. Umeiona ile picha?"

Nimeiona. Na wewe umeiona. Tuliibandika nyumbani, wewe umeinua mikono, na kule nyuma yako mtu amelala kifudifudi, na tulikuwa tunamcheka kila wageni wakija.

Nikamuuliza kama Ukumbi umemwandikia. Akaniuliza, "Ukumbi gani?" Mwanafunzi wake akapiga honi bila kukusudia, akaenda kumwokoa. 

Huo ulio sandukuni mwako, mimi sikuambii cha kuufanya.

Dada yako


9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama naomba msamaha, na kama bado hajanisamehe, asiseme amenisamehe ili kunifurahisha. Huku mashine ya kukandia imekufa, tunakanda kwa mikono, mabega yamekuwa ya bondia. 

Barua yako iliniudhi. Niliandika majibu makali mara kadhaa, nikayatia tanurini. Kisha nikaishiwa hasira, ikabaki ile picha. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuicheka. Nilikuwa naionyesha kwa kidole: mwoneni Kobe anaogelea. Miaka yote nimesema sikumdhuru mtu, na mtu mwenyewe amelala hapo hapo nyuma ya miguu yangu, kwenye picha niliyoitundika mimi kwa msumari.

Nikawaandikia Ukumbi. Nikawaambia mwekeni yeye pale mlangoni, aliyeshinda, na mimi nipelekeni chini ya ngazi, nitatazama ukuta, nitaandika lolote mnalotaka. Safari hii walijibu upesi. Kamati imelitafakari pendekezo lako kwa kina, wanasema, na ingawa mkimbiaji husika ni mtu wa maadili mema, hana mvuto kwa wageni. Hana mvuto, Dada! Na aliyetia sahihi ni Profesa, kwa wino wa kijani. Maisha yake yote ameyahubiri maadili, yamekuja kubisha hodi na raba zake miguuni, akayaambia hayana mvuto. Mimi ndiye mwenye mvuto. Mvuto wa ajali ya barabarani, watu wanapunguza mwendo wachungulie kama kuna aliyekufa.

Nimewajibu kwamba siji. Barua niliipeleka posta mwenyewe asubuhi, nikakaa kwenye ngazi za posta nikalia, watu wakinipita na vifurushi vyao. Nakwambia bila kuficha kwa sababu niliitaka nafasi ile na hivi ninavyoandika bado naitaka. Kwa hiyo usinisifu. Ukinisifu nitaghairi.

Ndani ya furushi hili umo utepe. Mpelekee. Usimwambie neno lolote kutoka kwangu, nimetafuta na sijapata linalotosha.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikusifu, usiwe na wasiwasi. Mama anasema bado hajakusamehe ila yuko njiani, na kwamba ukimdanganya tena kuhusu ugonjwa atakuombea uupate. Mwanangu ameachishwa kazi Ukumbini baada ya taa za bondia kugundulika zimeunganishwa na swichi ya choo cha wanaume, zikawa zinamzimikia kila mtu akitoka. Anasema ni bahati mbaya. Mimi ni mama yake, simuulizi sana.

Ukumbi umefunguliwa. Mgeni rasmi alikata utepe kwa mkasi, akihema kama aliyeukimbilia. Profesa alihutubu kuhusu maadili mpaka viti vikaanza kulia. Lile kabati lako la kioo karibu na mlango lilikosa kitu cha kuwekwa, na Bwana Godoro hawezi kuvumilia nafasi ikae bure, kwa hiyo ameweka godoro. Godoro zima, mdogo wangu, limesimama wima ndani ya kioo, na zile taa zote zilizokuwa zako. Watu wanasimama mbele yake, wanasoma kibao, wanatikisa vichwa kwa heshima. Sijawahi kuona shujaa aliyekaa vizuri mahali pake kama huyo, na hakuhitaji hata pini moja.

Mzee mmoja aliyevaa kofia alinisogelea akaniuliza huyu alikuwa wa mchezo gani. Nikamwambia, "Hapo palikuwa pa mdogo wangu. Amepakataa." Nilisema kwa sauti, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa karibu na sambusa mdomoni na nilitaka zimkwame. Lakini nikakuta kwamba nimesema "mdogo wangu" mbele ya watu wasionijua na sikuangalia chini. Sijafanya hivyo tangu walipokuvua medali. Nilikwenda nyuma ya masanamu nikafuta macho kwa jezi ya kipa.

Utepe nilimpelekea Kobe kesho yake. Alikuwa ameegemea gari anasubiri mwanafunzi. Akafungua furushi, akauangalia muda mrefu, asiuguse. Kisha akaikunja karatasi vizuri kama ilivyokuwa, akanirudishia mkononi.

"Huu umeshakatwa," akasema. "Niufanyie nini? Niufunge kwenye kamba za kuanikia nguo, nikimbie uani?"

Nikamwambia umeukataa Ukumbi kwa ajili yake. Akasema hakukutuma. Akasema, "Anatuma barua, anatuma furushi, anamtuma dada. Miguu yake imekufa? Mwambie aje mwenyewe, asimame hapa, nimwambie ninayotaka kumwambia. Nimeyaweka muda mrefu, na hayajapoa."

Mimi nami mdomo wangu unaujua. Nikamwambia akija apange foleni, kwa sababu mimi ni dada yake, nina matusi yangu tangu pale darajani, na mimi ndiye wa kwanza.

Akaniangalia. Nikadhani amekasirika. Kisha akaanza kucheka, mdogo wangu, akacheka mpaka akakalia boneti, akapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Yaani hata hapo," akasema, "hata hapo mimi ni wa pili?"

Hakuwa anacheka tena alipomaliza kusema hivyo. Nikalikumbatia furushi lako, nikamwambia basi, wa kwanza awe yeye.

Nimempisha. Kwa hiyo ukishuka stendi usije nyumbani. Nenda kwenye kiwanja cha udereva, nyuma ya stesheni, yupo kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Usimkatize akianza. Akimaliza na wewe, ndipo uje kwangu.

Dada yako